Gari Inayolia kwa Baba Tu

Kiponda, Unguja

Kaka yangu mpenzi Mundhir,

Shikamoo, na Assalaam alaykum kutoka nyumba uliyozaliwa. Hujambo kaka? Wifi Reem na wanao hawajambo? Najua joto la Maskati halina huruma, Mungu akupeni wepesi. Huku sote wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka. Nimechoka kwa namna ambayo kulala hakusaidii.

Utashangaa kuona karatasi zama hizi za simu. Barua hii nimempa jirani yetu Bi Khairat, anayekuja huko kwa mwanawe, kwa sababu nikikupigia Baba yupo ubavuni, na nikikurekodia sauti anaisikia. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya ile gari uliyomletea. Kila wiki unaniuliza kuhusu gia boksi, nami nakujibu nusu nusu. Baba alianza kwa kusema inaguna, kisha ikawa inasaga, kisha inapiga teke kama punda. Wewe ukasema oili imechoka. Nikaipeleka Kikwajuni kwa fundi Machano. Akamwaga oili, akaitazama kidoleni: nyekundu, safi, haina chembe ya chuma. Akabadilisha chujio, akakaza maunti zinazoshikilia injini, akachomeka mashine yake ya kusomea makosa, isisome kitu. Akaiendesha hadi Uroa na kurudi, kimya. Nikaendesha mimi, kimya. Tukamrudishia Baba ufunguo, na siku ile ile akarudi amefura, anasema Machano ni fundi wa kubahatisha na mimi nadanganywa mchana kweupe.

Nikamwamini Baba. Nilikwenda kumwambia Machano maneno ambayo sasa nayaonea haya. Hakunijibu kwa ukali. Alisema gari ikikataa kulia mbele ya fundi, basi fundi apande na yule inayemlilia. Akaomba akae na Baba, na Baba aendeshe kokote apendako.

Baba akachagua Paje. Mimi nilikaa nyuma. Mjini alikwenda vizuri, unamjua Baba na usukani. Miaka yote ile ya lori la karafuu hakukwaruza hata ukuta. Tulipopita Tunguu njia ikanyooka. Mguu wa kushoto wa Baba ukaanza kutafuta klachi, na gari hii ya otomatiki haina klachi. Ukaangukia kwenye breki, na papo hapo akaushika mkono wa gia, akauvuta nyuma, akausukuma mbele mpaka mwisho, kama alivyokuwa akibadilisha gia za lori. Gari ikasaga, ikaruka, nikajigonga kwenye kiti cha mbele. Sauti yenyewe ndiyo hiyo. Baba akamgeukia Machano kwa furaha: "Umeisikia? Nlikwambia mimi!"

Machano akaweka mkono wake juu ya mkono wa Baba, akamwomba asimame pembeni taratibu. Baba akasimama. Kisha akamwita Machano kwa jina la Pandu, yule utingo wake aliyekufa sisi tukiwa wadogo, akamuuliza kama magunia yamefungwa. Machano akajibu, "Naam, Bwana Zahor, nshayafunga." Akashuka, akazunguka, akashika usukani yeye. Njia nzima ya kurudi nililia, na Baba, akidhani nimeumia kichwa, alinipangusa machozi kwa mkono wa kanzu yake.

Gari haina ugonjwa, kaka. Nimempeleka Baba kwa daktari, naye amesema ni maradhi ya kusahau, na dawa ya kurudisha kilichokwenda hakuna.

Sasa nikwambie nilichofanya. Mimi na Machano tumemdanganya Baba kwamba gia boksi imevunjika na tunangojea nyengine kutoka kwako. Gari iko gereji chini ya turubai. Akiuliza kama imefika, nasema meli imechelewa, naye anakubali, anasema meli ndizo zilivyo. Juzi kwenye simu ukasema umeshaipata gia boksi na unatafuta kontena. Usiilete. Ikifika tu bandarini sitakuwa na neno la kumwambia, na ufunguo hatokubali kupokonywa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nami sitaki siku moja aue mtoto wa watu njiani.

La pili ni zito kuliko hilo. Unapozungumza naye akakuulizia wanao mmoja mmoja, huwa unaniambia mzee bado ana akili kama wembe. Ni mimi, Mundhir. Nakaa karibu yake nikimnong'oneza majina. Mwanzo nilimnong'oneza ya wajukuu, kisha la mkeo. Sasa namnong'oneza lako.

Niliona nakuepusha na majonzi, nawe uko ugenini unahangaikia riziki. Kumbe nakupotezea siku ambazo ungekuwa naye. Unisamehe, na kama hutoweza kunisamehe basi nigombeze, lakini nigombeze ukiwa hapa ukumbini. Achana na kontena, kata tiketi. Asubuhi akishakunywa chai ndiyo saa yake nzuri. Akili inatulia, na huniuliza Mundhir wangu anarudi lini. Kila asubuhi huniuliza. Jana hakuuliza.

Mpe wifi mkono wangu na wanao wabusu kwa niaba yangu. Machano anakusalimu. Baba amelala, akiamka nitamwambia nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Badriya