Viazi vya Dalia Visivyo na Jicho

Mama,

Shikamoo. Nimekaa mezani kwako, kwenye kiti chako, nimevaa kile kitenge chako cha kijani, na sikukivaa kwa kupenda. Siku ya kumaliza matanga walinivika mbele ya watu, wakanikalisha hapa, wakasema mimi ndiye mrithi wako, nyumba isikose mtu wa kuwasha moto. Tangu siku hiyo watu wa Kamuli wananiita Mama Deusi. Mimi, kitinda mimba wako! Deusi mwenyewe, kaka yangu aliyenibeba mgongoni, akija kutoka kwake Igurwa ananiamkia, "Shikamoo mama," halafu anacheka, na watu wanacheka. Mimi sicheki. Nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka naogopa kusema.

Unakumbuka ulichoniambia Julai, ulipokuwa huwezi tena hata kugeuka kitandani? "Kaa mpaka dalia zangu zichanue. Zikichanua, nenda zako Bukoba ukashone." Ulisema Deusi akisikia. Nililia, nikakubali. Kwangu ilikuwa nafuu: mvua za Septemba nipande hayo maua yako, Desemba yachanue, nirudi kwenye cherehani yangu. Jestina, yule rafiki yangu tunayeshona naye baraza moja, alisema nafasi yangu ataishikilia mpaka Krismasi. Baada ya hapo mwenye baraza atamweka mtu mwingine.

Sasa sikia nilichofanya. Mvua ilipoanza nikavuta kreti lako uvunguni, nikafukua yale majani makavu ya mgomba, nikakuta viazi vya dalia vimelala mashada mashada, vinene, vizima. Nilitaka vitoshe mstari mzima kutoka mlangoni hadi kaburini kwako. Nikachukua kisu, nikavikata vile tunavyokata viazi mviringo vya mbegu. Kila kiazi nikakitenganisha na shina, shina nikalitupa, kidonda nikakipaka majivu, nikapanda. Nilijiona mtaalamu! Mtoto wa mkulima, nani anifundishe kupanda?

Nikangoja. Wiki mbili, tatu, sita. Magugu yakaota, maharage ya jirani yakatoa maua, kwangu udongo mtupu. Nikatandaza nyasi, nikaziondoa, nikamwagilia hata siku ambazo mvua ilikuwa imenyesha. Kila Jumapili wanawake wa kanisani wananiuliza maua ya madhabahuni yako wapi, maana miaka yote yalitoka kwako. Kila Jumamosi Deusi anapiga simu: "Zimechanua?" Nikisema bado, anajibu, "Basi. Mama alisema mpaka zichanue." Nilimwomba siku tatu tu nikamwone Jestina. Akaniuliza moto atauwasha nani, au nataka mama alale kaburini pale kibanjani na nyumba yake imezimika. Uko hapo, hatua chache kutoka dirishani, chini ya migomba yako, na kuna asubuhi nakutazama nakukasirikia. Haya, nimesema. Nisamehe.

Wiki iliyopita uvumilivu ukaniishia, nikafukua. Mama, havikuoza! Hata kimoja. Vilikuwa vigumu, vimetoa vijizizi vyeupe, vinakunywa maji, vinakaa tu. Nilikaa kwenye tope nikalia kwa sauti, mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Kumbe mwenye jibu alikuwa wifi Adela, mke wa Deusi. Alikuja Alhamisi na bodaboda, akanikuta na beseni limejaa vile viazi. Akashika kimoja, akakigeuza, akaguna. "Waitu, wifi, umevikata vichwa! Jicho la dalia haliko mwilini. Liko hapa shingoni, kiazi kinaposhikana na shina. Usipokata na kipande cha shina, hakioti hata ukikiombea." Nikashangaa amejuaje, maana wewe hukumfundisha mtu. Siku ya kukata viazi vya dalia ulitufukuza wote. Mimi ulinituma dukani kununua chumvi na chumvi ipo, ukajificha nyuma ya jiko na kisu chako. Ulitaka Kamuli nzima maua yale yawe ya kwako peke yako. Angalia sasa yalivyonifunga.

Adela akainamisha kichwa. Unakumbuka mwaka ule ulipolia kwamba fuko wamekula dalia zako, ukatega mitego kibanja kizima? Hawakuwa fuko, Mama. Alikuwa mkweo. Alikuomba mara mbili ukamnyima, akaondoka na shada moja ndani ya kanga. Karibu vyote aliviharibu kwa kukata kama mimi. Kimoja tu kiliota, ndipo akaelewa. Adela alimwambia Deusi kwamba amenunua mbegu mjini Kayanga, na yule mwanaume akaamini. Leo anazo nyuma ya nyumba, nyekundu zile zile, kubwa kama sahani. Na zimechanua. Dalia zako zimechanua wiki ya pili sasa, na mimi niko hapa namwagilia viazi visivyo na jicho!

Nilicheka, Mama. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Tukacheka wote wawili mpaka tukashikana, kisha yeye akasema Jumapili, yaani kesho, atazileta kanisani ndoo nzima na kumwambia mumewe ukweli, kwamba ni zako, na kwamba aliziiba. Kwa ajili yangu. Yule uliyekuwa unasema hajui hata kumenya ndizi.

Naogopa. Namjua Deusi, anaweza kusema za wizi hazihesabiki. Anaweza kuita wazee. Tangu Alhamisi nazungukazunguka ndani ya nyumba hii, nafungua mlango, nafunga, nashika begi, naliacha. Nilidhani zikichanua miguu itakwenda yenyewe. Imekuwa mizito. Nilianza barua hii nikitaka kukuomba ruhusa, nimeandika na kufuta mara tatu. Sasa nakuaga tu. Deusi akubali, akatae, Jumatatu napanda gari la Bukoba. Adela atakuja kuwasha moto siku atakazoweza. Siku nyingine hautawaka, na wewe utapumzika hivyo hivyo.

Kwaheri, Mama yangu. Pasaka nitakuja kukupalilia, nikupe habari zangu, nilale siku mbili kama mgeni, niondoke. Ahadi yangu kwako ni moja, na najua haitakufurahisha: yeyote atakayeniomba dalia nitampa, na nitamshika mkono nimwonyeshe jicho liko wapi.

Mwanao,
Adventina