Yai la Mzee Walter

Rexdale, Jumanne, Machi 1995

Yai moja limenikera kutwa nzima. Mzee Walter ninayemuuguza alitoka hospitali jana, na tangu hapo hajatia kitu mdomoni. Nikamkaangia yai, akasukuma sahani.

"Grace, unanipeleka wapi?"

Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe ni mambo ya vita, alipokuwa mwanajeshi wa anga. Kwenye kiwanja chao cha ndege za mabomu kule Uingereza mayai yalikuwa adimu, na yai la kukaanga walipewa wanaoruka usiku huo kwenda kupiga Ujerumani. Ukiliona kwenye sahani yako, umejua usiku huo zamu ni yako. Kiwanja chenyewe siku hizi ni shamba la ngano, lakini yai bado...

Niliogopa, sitaficha. Asipokula, binti yake atampeleka makao ya wazee. Lakini mimi nimelea wakaidi wanne.

"Na waliorudi alfajiri walipewa nini?"

Akaitazama sahani. "Yai."

"Basi wewe umerudi, mzee wangu. Kula."

Akala lote. Kisha akaomba jingine, la rubani wa ndege yao ambaye hakurudi.

Nikalikaanga, nikaliweka mbele ya kiti kitupu. Hata kwetu anayechelewa huwekewa chakula.