Tegemezi wa Baba

Jumatatu, 3 Februari

Ijumaa nimetimiza ishirini na sita. Zawadi: bima ya afya ya baba, inayobeba watoto mpaka umri huo tu, imenitema. Barua imekuja leo, ya heshima kabisa, inanishukuru kwa kuwa mwanachama. Mwanachama! Nilikuwa nimemganda baba mgongoni kama kupe.

Inhela, dawa yangu ya pumu ya kuvuta, imebakiza mivuto ishirini na minane. Navuta miwili kwa siku. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Mfamasia kanitajia bei ya nyingine bila bima kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole msibani. Karibu mshahara wangu wote wa wiki — na kazi yangu ni kuogesha mbwa. Mwenye pumu anaogesha mbwa. Najua. Wameshanicheka wote.

Jumatano, 5 Februari

Nimesoma habari za bima mpaka macho yameniuma. Nilichoambulia: kuna mchango wa kila mwezi, unalipa hata kama huumwi. Halafu ukiumwa unajilipia mwenyewe, unalipa weee, mpaka ufike kiwango fulani, ndipo bima inaamka na kuuliza kuna nini. Na ikishaamka, bado ukienda kwa daktari unaacha chochote mapokezi.

Lorna, ninayepanga naye, anasema mchango ukiwa mdogo ujue bima hiyo ina usingizi mzito. Kanielewesha kuliko kijitabu chao cha kurasa tisini.

Ila anasema kwa kipato changu nisihangaike na za kununua. Ipo ya jimbo, ya sisi makapuku. Bure. Nimeomba hapohapo kwa simu, aproni imejaa manyoya.

Jumanne, 11 Februari

Wamenikataa. Kipato cha kaya yangu ni kikubwa mno.

Kaya ipi? Mimi, Lorna na friji isiyofunga?

Mivuto kumi na miwili.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda maktaba kwa Bi Haugen, yule mama anayewajazia watu fomu za bima bila malipo. Kaisoma yangu, kacheka mpaka kavua miwani. Kumbe kosa ni pale walipouliza kama kuna mtu ananiandika kwenye fomu yake ya kodi ya mapato kuwa tegemezi. Nilijibu ndiyo. Baba si huniandika kila mwaka? Basi wamenirudisha kwake, na mshahara wake wa kuendesha gari la kusafisha theluji umehesabiwa kama wangu. Laiti ningeuona.

"Kaya si pale unapolala, binti," kasema. "Kaya ni nani kakuandika." Kaniuliza kama najitegemea. Nikasema ndiyo, kwa shida. Basi baba hana ruhusa ya kuniandika hata akitaka. Aandike mistari miwili kwamba mwaka huu haniandiki, aweke sahihi, Jumatatu yeye Bi Haugen ataituma.

Mistari miwili tu. Bi Haugen hamjui baba.

Alhamisi, 13 Februari

Nilijitia ujanja. Asubuhi nikavuta mmoja badala ya miwili, nibane matumizi. Saa tano kifua kikafunga, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni, mbwa mkubwa kama ndama ananilamba uso. Niliogopa sana. Mwishowe nikavuta na ule niliokuwa naubania. Faida sifuri. Bosi kanirudisha nyumbani.

Jumapili, 16 Februari

Mivuto miwili. Baba kaja na samaki wa moshi na faili lake la kodi. Nimemweleza. Kanuna.

"Nani kasema hunitegemei? Betri ya gari mwezi wa kumi na mbili kakubadilishia nani?"

"Baba, ni fomu tu."

"Fomu tu ndiyo ya kumfuta mtoto?"

Nikamwambia ya Alhamisi. Sikukusudia. Akasogeza sahani, akavuta karatasi na peni. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha hakuandika. Akafungua faili, akawa anaiangalia fomu ya kodi tu.

"Mama yako alipokuwa hai tulikuwa watatu humu," akasema. "Alipokufa tukabaki wawili. Sasa nikikutoa wewe, nabaki mimi peke yangu kwenye hii karatasi."

Mimi, mwenye mdomo wote huu, nikasema nakwenda chooni, na ndiko niliko, nimekaa juu ya kifuniko naandika. Roho inaniuma. Nampenda huyu mzee, na nataka kupumua.

Huko mezani sijui kaandika, sijui kachana.

Ananiita. Anauliza jina langu la kati, Katrin, linaandikwa kwa K au kwa C. Na yeye ndiye aliyenipa.