Ng'ombe wa Mjomba Milionea

Rwamgasa, Geita

Dada Rhoda, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia rasmi kwamba mdogo wako sasa anavaa miwani. Wanasema nafanana na hakimu aliyefukuzwa kazi. Huku tu wazima. Shemeji mgongo umemwachia? Ningepiga simu, ila hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Najua habari zimefika hadi Maganzo kwamba nimeshinda bahati nasibu ya taifa. Wakwe wa mwanao Maige, hapa jirani Nyarugusu, nao walisikia, wakaongeza mahari karibu zizi zima: eti bwana harusi ana mjomba milionea. Maige alinipigia akilia kwamba mchumba wake Paskazia ataozwa kwingine.

Mchezo wenyewe ni huu. Enzi za baba ilikuwa tiketi ya karatasi na kutega sikio redioni. Siku hizi unachagua namba kwenye simu, unalipia, unaletewa ujumbe, kisha unasubiri droo. Zikitoka zote, umetajirika. Zikitoka chache, kifuta jasho. Sisi wa duara moja, yaani shimo letu la dhahabu, tulichangia tiketi moja, kila mtu na namba yake, kwenye simu yangu.

Siku ya droo ikatoka namba ya mchimbaji mwenzangu Adam, ya Mwanaima mpishi wetu, na yangu. Nikaruka juu! Deusdedit, msimamizi wetu, akanikemea: tangu lini mtu akishika dhahabu anapiga yowe? Desturi ya huku unaijua: duara likitema, midomo inafungwa na mlinzi anawekwa. Basi Adam akakaa mlangoni kwangu na panga, akilinda simu. Waliouliza tukawajibu hatukupata kitu. Dada, machimboni hakuna jibu linalotangaza utajiri kama hilo! Kesho yake nikaamkiwa shikamoo na wazee walionizidi umri, nami, mpumbavu, nikaitikia marahaba.

Sasa ukweli, maana hata wewe nasikia umeshachagua kitenge. Zawadi ilitosha kuku mmoja. Tulimla sote, mlinzi alipata shingo.

Jana nilikwenda kwa wakwe, nikawasomea ujumbe wa zawadi na kuwasimulia habari ya kuku na panga. Baba Paskazia akauliza kama kuku alikuwa mnono. Nikamwambia alikuwa mzee kuliko mimi. Akacheka hadi akashika ubavu, akasema ukoo unaolinda kuku kwa panga hautamtesa binti yake kwa njaa. Wamerudi kwenye ng'ombe tuliokubaliana mwanzo. Mwambie Maige afute machozi, aanze kuwaswaga.

Wabusu wajukuu, na shemeji mpe pole yangu.

Ni mimi mdogo wako, tajiri wa usiku mmoja,
Benjamini