Gitaa la Torkel

Sigrun, shika simu. Nimetoka studio sasa hivi.

Si unakumbuka bendi yetu tulivyofanya mazoezi miezi mitatu kwenye gereji ya baba, ili tukodi studio siku moja tu? Masaa manane, basi. Kila mtu aje anaijua sehemu yake.

Torkel, mpiga gitaa wetu, kaja haijui. Eti, "Gitaa langu huja lenyewe nikishakaa kwenye kiti." Karudia kipande chake mara thelathini na moja. Thelathini na moja, Sigrun, na saa inakwenda. Mimi nikabaki na dakika ishirini za kuimba.

Sasa sikia. Nimesimama chumba cha kuimbia, hedifoni masikioni, na fundi mitambo, Vidar, kasahau kuzima maiki ya upande wao. Namsikia Torkel: "Huyu dada ndiye anayetumalizia hela. Hajazoea studio."

Mimi. Mimi ndiye ninayemaliza hela.

Nikaimba mara moja tu, ikatoka safi. Torkel alipotoka nje kupiga simu, nikamuuliza Vidar, "Lile gitaa nililopiga asubuhi ili mpiga dramu aufuate wimbo, bado lipo?"

"Lipo."

"Weka hilo. La kwake futa."

Akaniangalia, akacheka, akafuta rekodi zake zote thelathini na moja.

Torkel hajui kitu. Kawaalika mama yake na shangazi zake wote waje Jumamosi wamsikie kwenye rekodi anavyopiga. Mimi naleta maandazi ya mdalasini, na nitakaa mkabala naye.