Wito wa Tatu

Kalitala,
mwezi wa Srabon

Dada Bina,

Naanza kwa kuigusa miguu yako, ingawa uko mbali. Hujambo huko Kolkata? Shemeji je, kile kikohozi kimemwacha? Sisi wazima, ila mvua imetufungia ndani na kuni zote zimelowa.

Mama ana afya. Tabia yake ile bado anayo: muuza samaki hajamaliza kuita, yeye keshaitika, "Naam, baba, nakuja!" Juzi kunguru alilia uani, akaitika pia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

Sasa sikia. Mitali wangu alirudi shuleni na neno la Kiingereza, atafute maana yake kwa Kibengali. Nikamwambia hilo ni probad tu, usemi wa wahenga. Kumbe alitakiwa pia alete mfano mmoja kutoka kwa bibi yake. Unamjua Mama, zamani alikuwa hapiki wali bila kututupia methali. Tangu mdogo wetu Subal afe, hajatoa hata moja. Mtoto akamng'ang'ania, "Dida, moja tu, jamani!"

Nikaona nimsaidie, nikaisema ile yake mwenyewe: usiku usiitike mpaka uitwe mara tatu, kwani mzimu huita mara mbili tu, kwa sauti ya umpendaye.

Bakuli la dengu likamponyoka Mama. Akaniambia, huku akiokota punje, kwamba usiku ule wa tufani Subal alirudi kutoka kuvua kaa, akaita, "Ma!" Kimya. Halafu tena, "Ma!" Mama alikuwa keshashika komeo, akingoja wito wa tatu. Alingoja mpaka kukakucha.

Nasi tulipomkuta Subal uani asubuhi, tuliamini maji ndiyo yaliyomleta, keshakufa.

Nilipiga magoti tukaokota dengu pamoja. Mitali akaenda kuomba methali kwa jirani. Tangu hapo, mvua ikipiga bati namsikia Subal, na najikuta nimesimama mlangoni. Naogopa, sikufichi.

Wabusu watoto, na shemeji mpe heshima zangu. Ukija kwa sikukuu ya Durga, hata ukifika usiku, usiite mara tatu kama tulivyofunzwa. Ita mara moja tu, kisha nyamaza, umwache Mama akuitikie.

Mdogo wako,
Malati