Mikono Isiyotulia

Jumatatu, 3 Machi
Wodi ya wanaume tena. Nimekosa mshipa. Nikajaribu mkono wa pili, nikakosa. Mzee wa kitanda cha dirishani akauvuta mkono wake taratibu. "Mjukuu wangu, hiyo sindano iache kucheza kwanza." Wenzangu wakacheka. Neema, ninayelala naye chumba kimoja, akachukua trei akamalizia kazi. Nimemchukia.

Natetemeka tangu nirudi kutoka likizo. Nilidhani ni woga. Mwaka wa pili wa uuguzi, woga wa nini?

Jumatano, 5 Machi
Nimeitwa ofisini. Mkufunzi wetu, Madam Regina, alinisogelea mpaka akainusa pumzi yangu. Akauliza nakunywa nini. Mimi, ambaye hata harusini naomba soda. Neema ndiye aliyepeleka maneno. Leo chumbani ameniuliza kama nimekula. Nikageukia ukuta.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali, safari hii kama mgonjwa. Daktari alitaka ninyooshe mikono, nifumbe macho, niandike jina. Kisha akauliza kwetu ni wapi. Geita, Nyarugusu. Mama anafanya kazi gani? Dhahabu. Anaichomea wapi? Jikoni.

Na mimi je? Nikamweleza. Tangu darasa la nne nakamua zebaki iliyonasa dhahabu kwenye kitambaa kwa mikono mitupu. Kinachobaki tunakiweka kwenye kikaango, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Kila likizo kikaango ni changu.

Aliandika kwenye faili. Akasema tusubiri vipimo, ila kwa anavyoona ni huo moshi. Dawa ya kwanza ni kukaa mbali nao. Mikono inaweza kutulia. Inaweza isitulie.

Jumanne, 25 Machi
Majibu yamerudi. Daktari hakukosea.

Madam hakuomba radhi. Alisema tu kwamba hawezi kuniruhusu nimshike mgonjwa, na kwamba niahirishe masomo mwaka mmoja. Nikasaini. Karani akaniambia nirudie, saini haifanani na ile ya mwanzo. Nikarudia. Haikufanana pia.

Wanasema nikapumzike nyumbani. Nyumbani ndiko kwenye moshi.

Ijumaa, 28 Machi
Nimefika kwetu mchana. Mama alikuwa jikoni. Maharage jiko moja, kikaango jiko la pili. Nikamwamkia, akaitikia, akafurahi kuniona. Ng'wana wane, mwanangu, akasema, mbona umekonda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Sikutaka kuingia.

"Mimi nimeanza kazi hii kabla hujazaliwa," akasema. "Mbona sitetemeki?"

Kisha akatumiminia chai. Kikombe chake alikishika kwa mikono miwili, viwiko amevibana mbavuni. Sijui ameanza lini kunywa hivyo. Mimi ndiye ninayesomea uuguzi na sikuwahi kuona.

Nikamwambia anatetemeka. Akasema ni baridi. Mchana wa Nyarugusu, jua limewaka.

Jumamosi, 29 Machi
Nimekitupa kikaango chooni. Nilikisikia kikigonga chini.

Mama hakupiga kelele. Alivaa kanga ya pili, akaenda kwa jirani, akarudi na kikaango cha kuazima. Akachochea moto. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Ulifikiri umesomeshwa na maharage?"

  Nina hasira na yeye, na daktari, na Madam, na dhahabu ambayo hata hereni yake hatujawahi kuvaa. Zaidi nina hasira kwa sababu amesema kweli.

Jumatatu, 31 Machi
Nimeondoka asubuhi. Nakwenda Kagongwa kwa mama mdogo, anayeuza mchele. Mama hakunisindikiza stendi. Alinifungia viazi kwenye mfuko akauweka juu ya begi, akaingia jikoni.

Nilikula viazi vyote kabla ya Kahama. Nililia nikitafuna. Abiria wa pembeni akageukia dirisha.

Jumapili, 18 Mei
Kagongwa. Siku za juma napepeta, napima, nafunga magunia. Mikono ina siku zake nzuri. Jana ilitulia tangu asubuhi hadi mchana, kisha ikaanza tena. Mchele ukamwagika. Mama mdogo akauzoa.

Neema ameandika kwamba wamehamishiwa wodi ya wazazi. Nimemjibu hongera. Neno moja tu ndilo nililoweza.

Mama amepiga simu baada ya ibada. Anasema siku hizi anachomea nje, nyuma ya nyumba. Upepo unaupeleka moshi wote kwa jirani yetu, Mama Sitta. Mama Sitta amejifungua mwezi uliopita. Nikamwambia moshi huo utamfikia mtoto. Akasema atatafuta pengine pa kuchomea. Kisha akauliza nakula vizuri. Nikasema ndiyo.

Wateja hapa wananiita nesi. Mama mdogo ndiye aliyewaambia. Mwanzoni nilitaka kuwasahihisha. Sasa wakiita naitika, nawapimia mchele.